Kware Nyumbani: Hesabu Zake, Malezi Yake na Matunzo ya Ndege Aliyejeruhiwa

Ndugu Katibu,

Somo hili limeandikwa ili lisomwe mbele ya wanachama, nalo ni refu kidogo. Chama chenye nafasi kinaweza kuligawa katika mikutano miwili. Penye hesabu tunaomba uiandike ubaoni na kuwaacha wanachama waikokotoe wenyewe. Tunasisitiza hesabu kwa sababu moja. Mwanachama anayetaka kuanza ufugaji wa kware kwa kawaida huja kwanza kuomba mkopo, na mkopo huo ni akiba ya wenzake. Ukikwama, hasara haikai nyumbani kwake peke yake.

Ndege gani huyu

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hapa kwetu pwani, tangu Moa mpaka Pangani, mtu akisema kwale humkusudia yule ndege wa vichakani mwenye shingo nyekundu, anayechakura mashamba ya mihogo alfajiri na kupiga kelele jua linapochwa. Jina lake limo hata katika ramani: Kwale iko Mkinga, na Kwale nyingine iko ng'ambo ya mpaka, Kenya. Ndege huyo ni mnyamapori. Kumtega na kumfungia si ufugaji bali ni uwindaji, na uwindaji una sheria yake, ambayo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Kware wa kufugwa ni mwingine. Ni mdogo, uzito wake gramu 120 hadi 160 tu akiwa mzima, na asili yake ni Japani. Wajapani walimweka tunduni tangu karne nyingi kwa ajili ya sauti ya dume. Ufugaji wa kutafuta mayai na nyama ulishika nguvu mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Pili ilikaribia kuwamaliza, na baada ya vita koo za kufugwa zilijengwa upya kutokana na ndege wachache waliosalia. Jambo hilo la koo chache tutalirudia mbele, kwa kuwa lina uzito kwa chama kuliko linavyoonekana.

Ndugu zake wa porini huhama makundi kwa makundi kufuata mvua na majira. Msomaji wa Kurani anamjua kwa jina la salwa, aliyeteremshiwa Wana wa Israili pamoja na manna. Magharibi ya Kenya, Wajaluo humwita aluru, nao kwa desturi ya kale hutundika vitundu vyenye dume juu ya mlingoti ili sauti yake iwavute wenzake kwenye mitego. Kwa hiyo ndege huyu si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Kilicho kigeni ni biashara yake.

Upepo wa mwaka 2013

Mwaka 2013 upepo wa kware ulivuma Kenya. Ilienezwa habari kwamba mayai yake yanaponya maradhi mengi, kuanzia shinikizo la damu na kisukari mpaka Ukimwi. Shirika la Wanyamapori la Kenya, ambalo ndilo lililotoa leseni za ufugaji huo, lilipata waombaji wengi. Yai moja lilifika kuuzwa kwa makumi ya shilingi za Kenya. Ilipofika mwaka 2014 soko lilikuwa limefurika na bei imeanguka, na wafugaji waliokopa walibaki na ndege wasiokuwa na mnunuzi. Upepo huo ulivuka mpaka na kufika kwetu pia.

Inafaa wanachama waelewe kilichotokea, maana hakikuwa bahati mbaya. Wengi wa wanunuzi wa mayai na vifaranga hawakuwa walaji, walikuwa wafugaji wapya waliotaka kuanza. Soko la namna hiyo huishi maadamu kila siku anapatikana mwingine wa kuanza. Tena kware huzaana upesi mno. Tuchukue majike 30 yenye madume yake. Yakitaga mayai 20 kwa siku, mwezi mmoja ni mayai 600. Tuseme yakaanguliwa 6 katika kila 10, ni vifaranga 360. Tuwatoe 72 kwa vifo, wabaki 288, na nusu yao ni majike, yaani 144. Yai huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Basi katika muda wa miezi mitatu hadi minne majike 30 yamekuwa 174 ukijumlisha na mama zao. Wafugaji mia moja wakifanya hivyo kwa pamoja, ni mji gani utakaoyala mayai hayo?

Kuhusu dawa, tuseme wazi. Yai la kware ni chakula kizuri, lina protini kiasi cha gramu 13 katika kila gramu 100, ambayo ni karibu sawasawa na yai la kuku. Hakuna ushahidi kwamba linaponya ugonjwa wowote kati ya hayo yaliyotajwa. Mgonjwa aliyeacha vidonge vyake vya kliniki kwa sababu ya mayai haya amejidhuru, na chama kisikubali bango lenye madai hayo libandikwe ukutani mwake. Na desturi ya kuyameza mabichi iachwe, kwa kuwa yai bichi la ndege yeyote linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Hesabu ya chakula na yai

Kware mzima hula kiasi cha gramu 25 kwa siku. Majike 100 hula kilo 2 na nusu. Tukikadiria kwamba kwa wastani wa mwaka watatupa mayai 70 kwa siku, gawanya gramu 2,500 kwa 70: kila yai limegharimu gramu 36 za chakula. Yai hilo lina uzito wa gramu 10 tu. Mayai matano ya kware ndiyo yanayolingana na yai moja la kuku, na matano hayo yamekula gramu 180. Kuku wa kisasa wa mayai hula kiasi cha gramu 150 kwa yai moja, tena chakula chake kina protini pungufu, na kwa hiyo ni rahisi zaidi.

Maana yake ni kwamba, uzito kwa uzito, yai la kware ni ghali kulizalisha kuliko la kuku. Ufugaji huu hauwezi kumpa mtu faida kwa kuuza yai kwa bei ya chakula cha kawaida. Lazima awepo mnunuzi anayelipa zaidi kwa kupenda udogo wake na ladha yake. Wanunuzi wa namna hiyo wapo: mahoteli ya Tanga na ya fukwe za Pangani, wapishi wa karamu, na baadhi ya maduka ya mjini. Lakini idadi yao inajulikana, na mtu anaweza kuizungukia kwa baiskeli siku moja na kuuliza. Sisi tunaona mwombaji wa mkopo aulizwe kwanza amezungumza na wanunuzi gani na wataka mayai mangapi kwa wiki, kabla hajaulizwa lolote kuhusu tundu.

Jambo jingine katika hesabu hii. Yai la kuliwa halihitaji dume. Wanaoanza wengi huweka dume mmoja kwa kila majike watatu katika kila tundu, kwa kudhani jike hatatagi bila dume. Madume 33 katika majike 100 hula gramu 825 kila siku bure. Madume yawekwe katika tundu la mbegu tu; waliobaki wauzwe nyama wakifika wiki sita au saba. Kuwatambua si kazi ngumu kuanzia wiki ya tatu: dume ana kifua chenye rangi ya kutu isiyo na madoa, na jike ana kifua cheupe chenye madoadoa meusi.

Tundu na banda

Tundu la mita moja kwa nusu mita lisizidi kware 20. Urefu wake kwenda juu uwe sentimeta 25 hivi. Kware akishtuka huruka wima kama mshale, na tundu lenye kimo cha nusu mita au mita moja humpa nafasi ya kupata kasi kabla ya kugonga kichwa. Majeraha mengi ya kichwa tutakayoyataja mbele hutokana na kimo hicho cha kati. Ama tundu liwe fupi, ama chumba kiwe kirefu kupita kimo cha mtu na dari yake iwe ya wavu laini.

Makuti ni bora kuliko bati kwa banda la pwani. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, banda la bati lisilo na upenyo huwa tanuri, na kware anayehema kwa mdomo wazi hatagi. Hata hivyo makuti hukaribisha panya na nyoka, basi tundu lenyewe lizungukwe na wavu wa waya wenye matundu madogo. Wavu wa kuku wa kawaida hautoshi. Kunguru hawa wa mjini, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mwambao wote, humvuta kware kichwa kupitia tundu la wavu na kumuua palepale. Nguchiro hufanya hivyo hivyo. Na siafu, ambao hawahitaji mlango, humaliza tundu zima kwa usiku mmoja. Miguu ya meza ya tundu isimamishwe katika makopo yenye maji na mafuta machafu ya gari juu yake, na makopo hayo yakaguliwe kila jioni.

Kuna neno juu ya mwanga. Jike wa kware hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na mchana wetu hauzidi wala kupungua saa 12 ila kwa dakika chache mwaka mzima. Hivyo taa inatakiwa tangu magharibi mpaka saa tatu au saa nne za usiku, kila siku, kwa saa zile zile. Taa ndogo ya jua inatosha. Kinachotakiwa ni ndege aweze kuona chakula chake. Mwenye kuwasha leo na kusahau kesho ataona utagaji unapanda na kushuka bila kujua sababu.

Chakula cha kuchanganya wenyewe

Chakula cha kuku wa mayai hakimtoshi kware. Jike anayetaga ahitaji protini asilimia 20, na kifaranga asilimia 25 au 26. Hapa kwetu mchanganyiko wawezekana bila kuagiza kutoka mbali. Mahindi yaliyoparazwa na pumba yake tuyahesabu kuwa na protini asilimia 9. Upande wa pili tuchukue dagaa wakavu fungu moja, kwa asilimia 55, na soya iliyokaangwa mafungu mawili, kwa asilimia 36. Wastani wa upande huo ni 42.

Sasa katibu achore mraba ubaoni. Kona ya juu kushoto aandike 9, ya chini kushoto 42, na katikati 20. Atoe kwa mshazari: 42 kutoa 20 ni 22, ndiyo mafungu ya mahindi, 20 kutoa 9 ni 11, ndiyo mafungu ya dagaa na soya. Basi ni mahindi mafungu mawili kwa fungu moja la protini. Kwa vifaranga weka 26 katikati, utapata 16 kwa 17, yaani karibu nusu kwa nusu.

Jike anahitaji pia chokaa ya ganda. Katika kilo 100 za mchanganyiko wake weka mahindi na pumba kilo 61, soya 22, dagaa 11, makombe ya chaza yaliyosagwa kilo 5 na nusu, na nusu kilo iliyobaki iwe chumvi kidogo na premiksi ya vitamini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Protini itashuka kidogo chini ya 20, hakuna neno. Dagaa wakiwa wa chumvi, usiongeze chumvi nyingine. Soya isitumiwe mbichi kamwe, kwa kuwa mbichi humzuia ndege kuyeyusha protini.

Hatari kubwa ya ghala la pwani ni ukungu. Mahindi au mashudu ya nazi yaliyolala katika gunia sakafuni wakati wa masika huota sumukuvu, ambayo haionekani daima kwa macho wala haitoki kwa kuanika tena. Mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ndege mdogo huanguka kabla ya mtu. Chakula kichanganywe cha wiki mbili tu, kiwekwe juu ya chaga, na kilichonuka uvundo kisipewe ndege wala mnyama mwingine.

Kuatamisha, na daftari la damu

Kware wa kufugwa amepoteza tabia ya kuatamia. Mayai huwekwa katika mashine ya kutotolea kwa joto la nyuzi 37 na nusu, yakageuzwa mara tatu au tano kwa siku mpaka siku ya 14, kisha yakaachwa yatulie na unyevu ukaongezwa. Yasikusanywe kwa zaidi ya siku tano kabla ya kuwekwa, kwa sababu vyumba vyetu vina joto na yai huanza kuharibika. Mashine moja ya chama, yenye msimamizi mmoja na zamu iliyoandikwa, ni bora kuliko mashine kumi za watu binafsi ambazo kila moja imejaa nusu na kuzimika umeme ukikatika.

Kifaranga hutoka na uzito wa gramu 7 au 8, mdogo kama bungo. Wiki ya kwanza apate nyuzi 35 hadi 37, kisha zipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki. Kwetu baada ya wiki ya tatu joto la taa mara nyingi latakiwa usiku tu. Vifaranga wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wanaona joto. Jiko la mkaa likitumiwa, chumba kiwe na upenyo, kwa maana hewa ya mkaa huua vifaranga na mlezi wao. Kisahani cha maji kijazwe kokoto ili wasizame. Wengi hufa kwa maji kuliko kwa maradhi.

Sasa turudi kwenye koo. Kware huathirika vibaya kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Majaribio yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba, kaka na dada wakipandana mfululizo, mayai hukosa mbegu, vifaranga hufa, na ukoo huweza kwisha kabisa ndani ya vizazi vichache. Na mfugaji wetu hufanya nini? Hununua ndege 20 wa mama mmoja, huwatotolesha nyumbani, huchagua madume kati ya hao hao, na mwaka wa pili hulalamika kwamba mashine ni mbovu.

Mtu mmoja mmoja hawezi kuuondoa ugonjwa huu, lakini chama chaweza. Wanachama wafugaji wagawanywe makundi manne. Majike wabaki kwao daima. Madume waliozaliwa kundi la kwanza wapelekwe kundi la pili kuwa mbegu, wa pili waende la tatu, wa tatu la nne, na wa nne warudi la kwanza. Kila kizazi zamu ni ile ile, haibadiliki. Kila dume afungwe uzi au pete ya rangi ya kundi alilozaliwa, na katibu aandike katika daftari tarehe, idadi na rangi. Kazi hii ni ya nusu saa kwa mwezi, na pengine ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote ambazo chama kinaweza kuwafanyia wafugaji wa ndege hawa.

Kabla dume hajahamishwa, akaguliwe. Kware anaweza kupata kideri asionyeshe dalili kubwa, na huku akawaambukiza kuku wa kijiji kizima. Kwa hiyo kware wasichanganywe na kuku, na kuku wa nyumba hiyo wachanjwe. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini huvumilia joto kuliko chanjo nyingine na hudondoshwa jichoni kila miezi mitatu. Ya kware wenyewe aulizwe mtaalamu wa mifugo.

Ndege aliyejeruhiwa

Mwenye kuona damu tunduni ana jambo moja la kufanya upesi: kumtoa aliyejeruhiwa. Kware wakiona damu hawaachi kudonoa, na jeraha la ukubwa wa punje ya mtama laweza kuwa kichwa kizima kilichochunwa kufikia jioni. Mshike kwa kitambaa chepesi, mabawa yakiwa yamekunjwa, wala usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kifua chake. Mkono unaobana kifua unamnyonga hata kama shingo iko huru.

Mweke katika boksi lenye matundu ya hewa, kitambaa chini, kifuniko juu, mahali penye giza, joto na kimya. Nusu saa ya kwanza hiyo ndiyo dawa. Ndege wengi waliookotwa hufa kwa hofu na baridi kabla jeraha halijawaua, nao watoto wanaojipanga kumtazama humwongezea hofu. Usimmiminie maji mdomoni, yatamwingia katika njia ya pumzi. Weka kisahani chenye maji karibu, atakunywa mwenyewe.

Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi dakika tatu au nne bila kufunuafunua. Ya ukucha uliokatika husimama kwa kunyunyiziwa unga mkavu. Jeraha lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Mafuta ya taa, mafuta ya nazi na majivu visitumiwe. Mafuta huharibu manyoya, na manyoya ndiyo nguo yake.

Kichwa kilichochunika kwa kugonga dari huonekana kibaya sana, lakini kikisafishwa na ndege akatengwa mara nyingi hupona. Mguu uliovunjika chini ya goti bila mfupa kutokeza waweza kunyooshwa na kufungiwa vijiti viwili vyepesi vilivyozungushwa pamba, kwa siku 14 hadi 21. Bawa hukunjwa kama linavyokaa kwa desturi, likafungwa na mwili kwa utepe laini unaopita chini ya bawa jingine, nao uwe mlegevu kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Kifaranga ambaye miguu yake imetanuka huku na huku kwa kawaida amelelewa juu ya gazeti linaloteleza. Funga miguu yake kwa uzi laini wa pamba, iwe na upana wa kusimama, kwa siku tatu hadi tano, na badala ya gazeti tandika gunia.

Mfupa uliotoboa ngozi, au mgongo uliovunjika, hautibiki nyumbani. Mchinje mapema kwa utaratibu, asiteseke na asije akafa kibudu. Lakini ndege mwenye homa, aliyeharisha maji meupe, au aliyepewa dawa ambayo siku zake za kungojea hazijaisha, huyo haliwi. Na dawa za vidonge vya binadamu zisikatwe kwa kukisia. Mpigie simu mtaalamu wa mifugo wa kata kwanza.

Huletwa pia ndege wa porini: bundi aliyegonga waya, mwewe aliyevunjika bawa, au ndege wa ufukweni aliyenasa katika nyavu. Huduma ya kwanza ni ile ile ya boksi na giza, ila kwa mwewe na bundi funika kichwa na ushike miguu, kwani kucha zao ndizo silaha. Wasiwekwe kabisa karibu na kware, na aliyewashika anawe kwa sabuni kabla ya kuingia bandani. Bundi asipigwe kwa sababu ya uchuro anaodhaniwa nao. Panya anaowala ghalani ni wengi kuliko tunavyomshukuru. Ndege mwenye pete ya chuma mguuni, hasa kati ya Septemba na Aprili, huenda ametoka Ulaya au Asia, na namba iliyo kwenye pete ipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Huyo ndiye pia wa kuarifiwa juu ya ndege yeyote wa porini atakayehitaji kukaa nawe zaidi ya siku moja au mbili, na ndiye wa kumwuliza masharti ya kibali kabla mwanachama hajaleta kware wa kwanza nyumbani. Ndege wengi wakikutwa wamekufa mahali pamoja, wa porini au wa kufugwa, wasiguswe kwa mikono mitupu. Yaweza kuwa mafua ya ndege. Mtaalamu wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo.

Maswali ya mkutano

Wanachama wajadili haya, na katibu aandike majibu katika kitabu cha mihtasari.

Mwanachama ameomba mkopo wa kununua kware 200, madume na majike nusu kwa nusu, kwa ajili ya kuuza mayai ya kula. Kosa liko wapi, na linamgharimu kilo ngapi za chakula kwa mwezi?

Ni wanunuzi wangapi katika wilaya yetu ambao wametaja kwa kinywa chao idadi ya mayai wanayotaka kwa wiki?

Mashudu ya alizeti yana protini kiasi cha asilimia 28. Yakitumiwa badala ya soya, mafungu mawili kwa fungu moja la dagaa, wastani wa upande wa protini utakuwa ngapi, na mraba utatoa mafungu mangapi ya mahindi?

Ni nani atakayetunza daftari la madume, na atamkabidhi nani akisafiri?